Milo Kumi na Mitano kwa Kichwa

Toledo, Ohio
24 Machi 2019

Denise mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu simu siku hizi kwangu ni kelele tu. Wewe unasema, mimi nasikia nyuki. Barua angalau siombi irudiwe mara tatu.

Safari ya Florida ipo. Mimi na marehemu mama yako tulimwahidi Tessa akiwa na miaka saba kwamba tutampeleka Pelican Kingdom, ile bustani ya michezo yenye sanamu za ndege. Sasa ana kumi na tano, mama yako huu ni mwaka wa tatu tangu atutoke, na mimi nina sabini na nne. Nikizidi kusubiri, huyo mtoto ndiye atakayenisukuma kwenye kiti cha magurudumu. Chumba nimeshakiweka, hoteli iliyo ndani ya bustani yenyewe, siku tano kuanzia tarehe 10 Juni. Mimi nitatoka Toledo, nyinyi mtatoka Lancaster, tukutane huko huko.

Sasa chakula, maana hapo ndipo wanapomchuna mtu. Wana kifurushi cha mlo, unalipia kabla hujafika. Dola 89 kwa mtu kwa siku: milo mitatu, kitafunwa kimoja, na kikombe cha soda unachojaza mpaka uchoke. Unavaa bangili, wanaigusisha kwenye mashine, hutoi hata senti mfukoni. Sharti ni moja: chumba kikinunua, wote waliomo wanunue. Hakuna huyu anacho na yule hana.

Nimekaa na kalamu siku mbili. Bila kifurushi, kifungua kinywa 19, mchana 28, jioni 46, kitafunwa 9, soda 5. Jumla 107. Kifurushi ni 89, kwa hiyo tunabakiwa na dola 18 kwa kichwa kwa siku. Watu watatu, siku tano, dola 270. Hiyo ni hela ya matairi mawili.

Ila faida ipo tu kama kila mtu anakula kila alicholipiwa. Ni milo kumi na mitano kwa kichwa, na ukiruka hata mmoja wa jioni umewaachia wao faida yote ya siku. Kwa hiyo hakuna kuruka. Ratiba ninayo tayari. Asubuhi tunaingia kwenye bufee saa nne na nusu. Saa tano wanaondoa mayai wanaleta kuku, na sisi bado tumekaa. Nimekagua vioo vya magari kiwandani miaka thelathini na minane, hawa wenye ndege wa plastiki hawanipiti.

Bei hii mwisho wake tarehe 30 Aprili, baada ya hapo inapanda mpaka 104. Nijibu haraka, nisikae roho juu.

Baba yako,
Leonard


Lancaster, Pennsylvania
31 Machi 2019

Baba,

Asante kwa safari. Tessa nimemwambia na amefurahi. Kazini nimeomba ruhusa, mambo yakienda sawa tutakuja.

Kifurushi hapana. Nakuomba sana usikilipie. Juni kule ni joto la kumkaanga mtu na kwenye joto hakuna anayekula milo mitatu. Halafu mimi na Tessa tumezoea kushiriki sahani moja. Nitabeba kisanduku cha barafu, niweke mkate, jibini, matunda na maji, tutakula tukisikia kula. Tutatumia labda dola hamsini kwa siku sote watatu, na hiyo ndiyo faida kubwa kuliko yako.

Na hicho kikombe cha kujaza soda mpaka uchoke, daktari wako wa sukari anakijua?

Usilipe, Baba.

Denise


Lancaster
31 Machi 2019

Baba,

Hii sitaituma. Ile nyingine nimeshaipeleka posta na imejaa uongo, sasa naandika hii ili nipumue.

Tessa anaumwa. Anajinyima chakula. Ilianza mwaka jana majira kama haya, mimi nikadhani ni mambo ya wasichana. Januari alilazwa wiki sita. Nilipokuandikia kwamba ana mafua yasiyoisha, alikuwa wodini. Tukiwa garini kwenda huko alinishika mkono akaniapisha: mwambie yeyote, lakini si Babu. Kwako wewe yeye bado ni yule Njugu, kama unavyomwita, aliyemaliza sahani ya pierogi za bibi yake, zile sambusa za viazi za kuchemsha, akaomba nyingine, na anataka abaki hivyo japo kwa mtu mmoja.

Sasa anakula kwa ratiba ya daktari, nami nakaa mezani kama askari jela. Kila sahani ni vita. Daktari ameruhusu safari mradi uzito usishuke. Ukishuka, anarudi wodini, na mara hii hawajui kwa muda gani.

Na wewe unataka kumketisha mbele ya sahani ambayo kila kijiko kimeshalipiwa, huku unamtazama. Ataziona hela zako zikipotea. Atajilazimisha kula kwa ajili yako kisha ajiadhibu, au asile kabisa. Yote mawili nimeyaona. Naogopa, Baba, na siwezi kukuambia ninachokiogopa.

D.


Lancaster
4 Aprili 2019

Babu,

Mama aliacha barua yako juu ya friji, nikaisoma. Hesabu ni nzuri lakini umetumia bei za kati. Huwezi kujua kama kifurushi kina faida mpaka ujue kila mtu atakula nini hasa.

Unaweza kunitumia menyu zote za bustani pamoja na bei? Mimi pia hupenda hesabu za vyakula. Nina daftari.

Usimwambie Mama, atasema nakusumbua.

Njugu


Toledo
9 Aprili 2019

Denise,

Barua yako nimeisoma na sikuipenda. Kushiriki sahani! Tangu lini? Ulipokuwa na umri wa Tessa hukumpa mtu hata chipsi moja, ulikuwa unaizungushia sahani mkono.

Najua kinachokusumbua. Tangu mumeo Scott aondoke hutaki kupokea kitu kwa mtu. Mimi si Scott. Mimi nikilipa nimelipa, sirudi baadaye kudai.

Na mtoto anahitaji kula vizuri. Kwenye Sikukuu ya Shukrani nilimwona amerefuka, mwembamba kama bibi yake kwenye picha ya harusi, nikamwambia mbele ya watu wote kwamba kapendeza. Lakini wembamba huo unataka chakula cha kuushikilia. Mkate wa kwenye barafu si chakula cha safari.

Jibu kwa hoja, si kwa sukari yangu.

Baba yako,
Leonard


Lancaster
14 Aprili 2019

Babu,

Menyu zimefika, asante. Vyakula ni 212, vingine ni kitu kimoja kilichobadilishwa jina. Nimevipanga vyote kwenye jedwali na nakutumia nakala. Kuna jina, mkahawa, bei, na safu moja nimeongeza mwenyewe: kalori. Bustani imezichapisha, nimezitafuta moja moja.

Nimepanga kutoka ndogo kwenda kubwa. Juu kabisa ni bakuli la matunda, chini kabisa ni paja la bata mzinga la kuchoma.

Kisha nimepiga hesabu ya siku yangu. Matunda asubuhi, supu mchana, saladi bila mchuzi wake jioni. Jumla dola 31. Wewe utalipa 89, kwa hiyo kwangu ni hasara ya dola 58 kila siku. Nimeona nikuambie mapema ili usitupe hela. Muulize mtu wa bustani kama chumba kinaweza kununua mbili badala ya tatu.

Tafadhali uliza.

Njugu


Toledo
21 Aprili 2019

Njugu wangu,

Hapa nimepata mtu. Mama yako hesabu zilimkimbia darasa la tano, bibi yako alihesabu kwa vidole, nikadhani ukoo umeisha. Jedwali lako nimeliweka mezani tangu Alhamisi na kahawa imeshalimwagikia mara mbili.

Ila kazi hukuimaliza. Una bei na una kalori, halafu ukaishia njiani. Mimi nimegawa. Nimechukua kalori za kila chakula nikagawanya kwa dola, vyote 212, ili tujue nani anatoa nguvu nyingi kwa hela moja. Mama yangu alinunua hivyo. Nilipokuwa na miaka saba kiwanda kilifungwa msimu mzima wa baridi, na yeye dukani aliuliza swali moja tu: kipi kitamfikisha mtoto jioni kwa senti kumi.

Matokeo haya hapa. Paja la bata mzinga, kalori 1,105 kwa dola 13: unapata 85 kwa kila dola. Bingwa. Wa pili ni makaroni na jibini ya kule kwenye mkahawa wa meli ya maharamia. Mkiani kabisa lile bakuli lako la matunda: kalori 90 kwa dola 9! Kumi kwa dola! Bakuli la matunda ni wizi mtupu, watu wamefungwa kwa makosa madogo kuliko hayo. Na anayeuza saladi bila mchuzi kwa dola 12 ningependa kumwona uso.

Kwa hiyo ule mpango wako wa dola 31 nimeufuta nikakuandikia mwingine, uko nyuma ya karatasi. Siku yako ya kwanza tu inakufikisha dola 111.

Kuuliza sikuuliza, sheria ni sheria. Jana nimelipa. Dola 1,335, watu watatu, na hazirudishwi. Njoo na tumbo.

Babu


Lancaster
28 Aprili 2019

Baba,

Alhamisi nilisikia Tessa akipiga kelele chumbani kwake. Nilipanda ngazi mbili mbili. Nikamkuta sakafuni amejikunja, barua yako mkononi, machozi yanamtoka, kusema hawezi. Niliichukua nikasoma. Kalori kwa dola, Baba. Kalori kwa dola.

Sina nguvu ya kuandika mambo haya mara mbili. Naambatanisha barua niliyoiandika tarehe 31 Machi nikaiacha kwenye droo. Isome kwanza, kisha rudi hapa.

Umesoma? Sasa ujue ile safu ya kalori ilikuwa ya nini. Alikuwa anatafuta kisichoshibisha. Ana daftari kama lako, mmefanana kuliko nilivyopenda, ila yeye anahesabu kwenda chini. Na wewe ukamrudishia orodha imegeuzwa, na paja la bata mzinga juu, na mpango wa siku tano wa kumshindilia.

Kosa ni langu pia, nilificha. Lakini nilikuomba usilipe. Niliandika mara mbili kwenye barua moja: usilipe.

Futa kifurushi. Kama hakifutiki, futa safari.

Denise


Toledo
19 Mei 2019

Denise mwanangu,

Wiki tatu naandika na kuchana. Hii nitaituma hata ikiwa mbaya.

Nimepiga simu bustanini, jirani yangu Marge akinisikilizia na kunirudishia maneno. Hawarudishi. Binti wa kule alikuwa mpole, akauliza kama kuna kifo au mgonjwa hospitalini, kwa maana hapo wanaweza kufikiria. Nikajibu hapana. Marge alinitazama. Sikuweza kulitamka jambo la Tessa kwa mtu nisiyemjua, mimi mwenyewe sijalizoea mdomoni.

Ninachokifikiria mchana kutwa ni Sikukuu ya Shukrani. Nilimwambia kawa mwembamba, kapendeza. Alitabasamu, nami nikaona nimesema la maana. Mtoto alikuwa anateketea na mimi nikampigia makofi. Kazi yangu maisha yangu yote ilikuwa kuona ufa kabla haujapasua kioo, na huyu nilikaa naye meza moja kwa saa tatu nzima sikuona kitu.

Mama yako angeona. Hilo nalo linanikata.

Kuhusu safari, sema wewe. Ukitaka nikae nyumbani mwende wawili, nitakaa. Ukitaka pasiende mtu, sawa. Sitatoa hoja.

Baba yako


Lancaster
24 Mei 2019

Babu,

Mama amenionyesha barua yako. Usikae nyumbani.

Kwanza, sikuwa nalia siku ile. Nilikuwa nacheka. Mwaka mzima nimekaa na zile orodha, madaktari wamezitazama kwa huzuni, Mama amezichoma mbili kwenye sinki, na hakuna aliyewahi kuigeuza miguu juu kichwa chini akaniambia bakuli la matunda ni wizi mtupu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ndipo Mama akaingia akaninyang'anya. Nimemweleza mara tatu, haamini.

Lakini usidhani kucheka ni kupona. Jioni ile ile supu ilinishinda.

Pili, daktari wangu naye ana kifurushi. Milo mitatu na vitafunwa vitatu. Chako kina kitafunwa kimoja, hospitali imekushinda. Maana yake nikimtii daktari, utaongeza vitafunwa viwili kila siku, tisa na tisa, dola 18. Faida yako yote imekwenda. Nisipomtii, unapoteza zaidi. Nimejaribu kila njia, na kwa upande wangu hakiokoi hata senti.

Tatu ndiyo ngumu. Naogopa ile meza. Naogopa nyinyi wawili mbele yangu mnajifanya hamtazami. Naogopa bangili. Nataka sana kwenda, na kila nikifikiri kwamba tayari umelipa, nataka nibaki.

Nisipokula, utasema nini? Nijibu kweli.

Tessa


Toledo
30 Mei 2019

Njugu,

Hesabu yako nimeikagua mara mbili. Kumi na nane kwa kumi na nane. Nimeshindwa na daktari na nimeshindwa na wewe.

Umeuliza nitasema nini. Nikikuambia sitasema kitu nitakuwa nakudanganya, mimi nimezaliwa nasema. Huenda nikatoa jambo la kijinga. Nikilitoa, nipige teke chini ya meza. Mguu wa kushoto tafadhali, wa kulia una chuma.

Hela zimeshakwenda. Zilikwenda tarehe 20 Aprili, nikazitoa mwenyewe kwa ubishi wangu, mama yako akinikataza. Hakuna kijiko chako kitakachozirudisha na hakuna kitakachozipoteza. Hata ukila bustani nzima pamoja na wale ndege, hawanirudishii dola moja. Hilo nilipaswa kulijua kabla ya mtu yeyote, na sikulijua mpaka uliponiuliza.

Mezani nitakaa upande wako, si mbele yako. Tutatazama wote watu wanaopita na kofia zao. Mama yako naye atakaa upande wa pili, nimeshamwambia, hataki lakini atakaa.

Kwenye Sikukuu ya Shukrani nilikuambia neno. Lilikuwa la kipumbavu na naomba unisamehe. Mwili wako sitausemea tena, kwa zuri wala baya.

Njoo. Ukija bila tumbo pia njoo.

Babu


Toledo
17 Juni 2019

Denise,

Nimefika salama. Gari lilichemka Kentucky, likapoa, tukaelewana.

Nilimwahidi Tessa kwamba sitauliza ameshakula au hajala, kwa hiyo siulizi. Nilichokiona nimekiona. Siku ya pili aliondoka mezani mbio, nikamkuta kwenye benchi karibu na ile treni ya mchezo inayopinduka hewani, tukakaa saa nzima tukitazama kofia za wapitao. Siku ya nne hakushuka chumbani kabisa, nawe ulilia bafuni ukidhani kiyoyozi kinakufunika sauti. Mimi nilipigwa teke mara tatu, zote za haki. Na katika milo yake kumi na mitano alikula tisa, hesabu ambayo sikupaswa kuipiga na nimeipiga.

Jumamosi asubuhi mlipoondoka sikuzipenda sura zenu. Wewe ulikuwa na uso wa mtu aliyeshakata shauri. Tangu hapo natoka dirishani naenda kwenye sanduku la barua, narudi dirishani. Marge anasema nitatoboa zulia.

Siulizi kitu. Nieleze tu barabara ilikuwaje.

Baba yako


Lancaster
22 Juni 2019

Baba,

Kwanza ushushe roho: Jumatatu daktari alimpima. Hajashuka uzito. Anabaki nyumbani. Wiki hii tumekuwa na siku mbili nzuri na tatu mbaya, na jana ilikuwa mbaya, kwa hiyo usimwambie Marge kwamba mambo yamekwisha.

Barabara ilikuwa ndefu. Georgia yote mvua ilinyesha. Uliuona uso wangu sawasawa: nilikuwa nimeamua Jumatatu nimpigie daktari nimwambie nimeshindwa, mchukueni. Nilikuwa naendesha huku napanga maneno. Tessa alikuwa pembeni yangu, anaizungusha ile bangili mkononi. Kifurushi kilikuwa kimekufa tangu Ijumaa lakini hakuwa ameivua. Biskuti zake mbili za daktari alizimeza kama vidonge vichungu, akafunga macho.

Tulipopita Florence, Carolina ya Kusini, kama saa tisa alasiri, akasema, "Mama, nina njaa."

Haikuwa saa ya ratiba ya daktari wala ya ratiba yako. Nilidhani ni redio. Mwaka mmoja na miezi miwili sijalisikia neno hilo kinywani mwake, nilikuwa nimeshasahau linasikikaje.

Akarudia kwa hasira. "Mama, umesikia? Nina njaa. Unasimama au husimami?"

Nikasimama kituo cha mafuta cha kwanza. Kilikuwa kichafu. Kulikuwa na mkate wa yai na jibini uliofungwa kwenye karatasi, umekaa kwenye kabati la joto sijui tangu saa ngapi, dola nne na senti ishirini na tisa. Hakuigeuza karatasi kusoma nyuma. Alikula anatazama dirishani, nami nikatazama barabara tu, bega kwa bega, kama mlivyokaa wewe na yeye. Nilisikia karatasi ikikunjwa. Aliumaliza.

Tulikuwa tumeshaingia tena barabara kuu aliposema, "Kuna mwingine?"

Hakukuwa na mwingine, Baba. Nilinunua mmoja. Nani angenunua wa pili? Njia ya kutokea ilikuwa maili nane mbele. Nilikwenda maili nane, nikageuza, nikarudi maili nane zote. Tessa akaniambia nimechanganyikiwa, mbele huko vituo vimejaa. Nikamwambia tunarudi pale pale. Sikutaka kujaribu mkate mwingine.

Yule mwenye duka alinitazama usoni akaniuliza kama niko salama. Nikasema nipe huo mmoja uliobaki.

Wa pili hakuumaliza. Aliushika mkononi mpaka tukaingia Virginia.

Denise